Kamba ya Mgeni Rasmi

Nchi yenyewe ipo, ila jina lake liko mbele ya kamati tangu mwaka tuliopandisha bendera, na kamati haijakutana kwa sababu haijaamuliwa nani aketi kulia kwa mwenyekiti. Basi tuiite nchi, inatosha. Mimi ni mtumishi wake, Kibwana, Ofisa Itifaki Daraja la Pili, na kabla ya hapo nilikuwa Kaimu Ofisa Itifaki Daraja la Pili kwa miaka kumi na mmoja. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani nina chuki na serikali. Serikali imenilisha na imenivisha. Nilicho nacho ni aibu, na imenilemea, ndiyo maana nawaelezeni ninyi msionijua.

Kwetu jambo haliwi jambo mpaka lipate mgeni rasmi. Mvua ikinyesha bila mgeni rasmi, Idara ya Hali ya Hewa huiandika kuwa unyevunyevu. Kuna kisima kule wilayani ambacho watu walichota maji miaka sita, halafu ikagundulika hakikuzinduliwa. Maji yote yale ikabidi yahesabiwe kuwa hayajanywewa. Watu waliambiwa wavumilie, wakavumilia, wana moyo watu wetu.

Sasa zikazuka Mbio za Wapendwa, nazo hazikuwa na mgeni rasmi. Zilianzishwa na Sista Eufrasia, muuguzi wa Kituo cha Utafiti wa Saratani, ambaye mumewe alichukuliwa na saratani ya koo. Kituoni walikuwa na dawa mpya wanataka kuifanyia majaribio, uwezo hawana. Sista akasema, tukimbie. Kila mkimbiaji avae kifuani kitambaa chenye jina la mtu wake aliyekufa kwa ugonjwa ule, na majirani wamchangie kwa kila kilomita atakayomaliza. Mwaka wa kwanza wakatokea watu sitini na mmoja. Wakakimbia kilomita arobaini na mbili za kweli, wengine na ndala miguuni. Wa mwisho alikuwa mzee muuza mkaa, jina la mkewe kifuani, akafika alasiri, na wote walikuwa bado wamesimama wanamsubiri. Ofisi ilinituma nikachunguze. Nikawauliza shughuli hii imefungwa na nani? Wakaniambia imefungwa na njaa, wakaenda zao kula. Hilo lilituudhi sana ofisini.

Vile vitambaa vilishonwa na dada yangu.

Dada Zawena ni fundi cherehani, na ndiye aliyenilea baada ya wazazi kuondoka. Sare zangu zote za shule alizishona yeye, hata suti ya usaili wangu wa kazi ni mkono wake. Alikaa barazani siku tatu akitarizi majina sitini na moja, jina moja jina moja, na kila mwenye jina alipokuja kuchukua alimwuliza, huyu alikuwa mtu wa namna gani? Watu walikuja kuchukua kitambaa wakakaa saa nzima. Mimi nilimwambia, dada, unapoteza muda. Akaniambia, wewe nenda ofisini kwako ukapange viti.

Miezi michache baadaye, akiwa anashona, bila kuinua mguu kwenye pedali, akaniambia ana uvimbe titi la kushoto. Sista Eufrasia alimpima, akamwandikisha katika wagonjwa arobaini wa majaribio ya ile dawa iliyopatikana kwa miguu ya wakimbiaji. Dada akawa namba kumi na saba. Dawa ingeanza Jumatatu ya kwanza baada ya mbio za mwaka wa pili, na madaktari walisema ikianza wakati huo, uvimbe ukiwa mdogo, matumaini ni makubwa. Dada alicheka. Alisema, "Nimewashonea wote hao, sasa wao ndio wanaonishonea mimi."

*

Mwaka wa pili serikali ikazipenda mbio. Waziri wa Afya, Mheshimiwa Dokta Ngwatura, akatangaza kwamba atakimbia yeye mwenyewe, na itifaki ikaanza kazi.

Jambo la kwanza: kwetu hakuna anayempita mgeni rasmi. Hapitwi mlangoni wala kwenye sahani ya pilau, itakuwa barabarani? Lakini mbio, kwa bahati mbaya, zina tabia ya watu kupitana. Tukakaa vikao vinne. Mwishowe mkuu wangu, Bwana Chilumba, akabuni kamba. Kamba nyekundu, upana wa barabara, ishikwe na maofisa wawili nyuma ya mgeni rasmi, na wakimbiaji wote wabaki nyuma ya kamba. Wale wenye kasi waliruhusiwa kukimbia papo hapo waliposimama.

Jambo la pili ni magoti ya Mheshimiwa. Kilomita arobaini na mbili zisingewezekana, na kuzipunguza kungetafsiriwa kuwa udhaifu. Ikapitishwa kilomita ya kitaifa, yenye hatua mia moja za Mheshimiwa. Baraza liliipitisha kwa kauli moja, isipokuwa mjumbe mmoja aliyewahi kufundisha hesabu, naye alikuwa msalani. Hivyo mbio zikabaki kilomita arobaini na mbili kama awali, na zikatosha kutoka lango la uwanja mpaka barabara ya posta na kurudi.

Jambo la tatu ndilo lililoniangamiza. Siku ya Jumatano Bwana Chilumba akaniita, akafunga mlango.

"Kibwana, Mheshimiwa hana mpendwa."

"Hana mke?"

"Hana marehemu. Hana mtu aliyekufa kwa saratani. Tumeuliza kwao, kwa kina mama mkwe, mpaka kwa dereva. Kwao mtu akiumwa anapandishwa ndege, anarudi mzima na masanduku. Nchi nzima ina marehemu wa saratani, Waziri wa Afya ndiye hana hata mmoja. Tutamvisha nini kifuani?"

Nikasema tumtafutie wa kuazima. Akasema wafiwa wote wenye wapendwa wao wanakimbia nao wenyewe, hakuna anayekubali kuazimisha. Akanitazama. Alijua. Ofisini watu hujuana habari za nyumbani.

"Dada yako anaendeleaje?"

"Anaumwa, mkuu."

"Anaumwa tu?"

Akasogeza fomu mbele yangu. Fomu ya Mpendwa wa Kitaifa ilikuwa na mstari wa jina, mstari wa tarehe ya kufariki, na mahali pa sahihi ya ndugu. Mahali pa mtu aliye hai hapakuwekwa. Nikamwambia, mkuu, huyu yupo, asubuhi kanipikia chai. Akasema kwa upole kabisa, "Kibwana, mbio ni Jumamosi. Kitu chenyewe ni kitambaa tu, kitavaliwa saa mbili kisha kitaingia makumbusho. Na wewe umekaimu miaka mingapi vile?"

Nataka niseme nililazimishwa. Nimejaribu kulisimulia hivyo mara nyingi na halikubali. Hakuna aliyenishika mkono. Nilijiambia kwamba Waziri akivaa jina la dada, Waziri atamkumbuka dada, pengine atamsogeza mbele kwenye dawa. Nilijiambia hayo huku macho yangu yako kwenye neno Kaimu lililoandikwa mlangoni kwangu. Nikaandika Zawena. Kwenye tarehe nikaandika ya wiki iliyotangulia, kwa kuwa ile ya Jumatano ile mkono ulikataa. Nikatia sahihi.

Kitambaa kile sikumpelekea dada akishone. Nilikipeleka kwa mchapaji wa mabango.

*

Jumamosi Mheshimiwa akafika saa tano kwa mbio za saa kumi na mbili asubuhi. Jina la dada yangu lilikuwa kifuani na mgongoni, herufi kubwa za dhahabu. Kabla ya kukimbia alihutubia.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa. Ninapokimbia leo, simkimbii mtu. Ninakimbia na mtu. Marehemu Zawena alikuwa kwangu zaidi ya dada. Maneno yake ya mwisho aliponishika mkono yalikuwa, Mheshimiwa, endelea na kazi nzuri."

Akalia. Alilia vizuri, nitakuwa mwongo nikikataa. Jukwaa kuu likalia kwa kufuata ngazi za vyeo. Kisha akatembea kilomita arobaini na mbili za kitaifa, kamba ikimfuata, watu mia tisa wakirukaruka nyuma yake, akavunja rekodi ya dunia kwa saa moja na nusu. Jumapili barua yangu ikaja mpaka nyumbani, Kaimu imefutwa.

Dada hakwenda uwanjani. Alikuwa amechoka, akasikiliza redioni pamoja na wateja wake. Nilipoingia jioni ile ya Jumamosi nilimkuta anakata uzi kwa meno.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kibwana, nimekufa lini?"

Nikamweleza kwamba ni mambo ya itifaki, kitambaa tu. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Wateja walinipa pole," akasema. "Mmoja alitaka kuchukua nguo yake kabla sijazikwa." Alitabasamu kidogo, akaendelea kushona. "Haya. Keshokutwa naanza dawa. Utanisindikiza?"

Tukaenda. Dirishani alikaa karani wa masijala, mtu wa adabu. Akafungua daftari, akatafuta namba kumi na saba, akainuka akavua kofia.

"Huyu ameenziwa."

"Ndiye mimi," dada akasema.

"Hongera sana, mama. Ila faili lake limefungwa kwa muhuri wa wizara tangu Jumamosi, na dawa yake imerudishwa kwa heshima zote. Hapa tunatibu wagonjwa. Wapendwa wana idara yao."

Sista Eufrasia akatoka mbio wodini. Aligombana na karani, akagombana na daktari mkuu, akapiga meza. Haikusaidia, kila chupa ilikuja na jina lake na muhuri wake, na ya kumi na saba haikuwepo. Mwisho karani akatafuta kanuni, akaipata. Mpendwa wa Kitaifa anaweza kurudishwa kuwa mgonjwa kwa barua ya mstari mmoja kutoka kwa yule aliyetia sahihi fomu, akieleza kuwa alikosea.

"Nani alitia sahihi?" Sista akauliza.

Sikumbuki kuwahi kuona jozi mbili za macho zikinigeukia taratibu namna ile. Nikasema nitaandika leo leo.

Niliandika. Bwana Chilumba akaisoma amesimama.

"Maana yake unasema Waziri alilia kimakosa."

"Nasema mimi nilikosea, mkuu."

"Aliyelia ni nani?" Akanirudishia. "Iboreshe. Tafuta namna ya kusema yuko hai bila kusema hakufa."

Jamani, mimi nina diploma ya uandishi wa barua za serikali, na nilifanya kazi ile kwa bidii. Niliandika kwamba hali ya umarehemu wake imeimarika. Niliandika kwamba amefariki kwa kiwango cha kuridhisha. Kila rasimu ilirudi na alama ya kalamu nyekundu, na ile ya kwanza, ya mstari mmoja, yenye maneno "Nilikosea, yu hai," ilikaa kwenye droo yangu. Ingeniondoa kazini, hilo nilikuwa nalijua. Kutoka mezani kwangu mpaka kituoni ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Sikuipeleka.

Kila Jumapili dada aliniuliza, "Barua?" Nami nilimjibu, "Iko kwenye mchakato, dada." Ilipofika Jumapili ya saba hakuuliza tena. Alinipakulia chakula tu, kwa mkono wa kulia, wa kushoto ulikuwa hauinuki vizuri.

*

Miezi minne baadaye Mheshimiwa akatangaza kuwa, kwa maombi ya wananchi ambayo wananchi wangejulishwa, mbio zitarudiwa. Mpendwa angekuwa yuleyule, kwa kuwa amemzoea. Na mimi, kwa cheo changu kipya, nilipewa kamba. Nilishika upande wa kushoto, na upande wa kulia akashika mwenzangu wa idara.

Tulianza saa sita, jua kali. Mheshimiwa mbele, mikono nyuma, akisalimia. Mimi hatua tano nyuma yake, na mbele ya macho yangu mwendo mzima jina la dada likinesanesa mgongoni kwake. Nililisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka. Tulipozunguka posta, watu nyuma ya kamba wakaanza kupeana njia, nikageuka.

Alikuwa dada Zawena. Alikuwa amekonda, gauni alilojishonea mwenyewe lilikuwa limemzidi mabega. Sista Eufrasia alikuwa pembeni yake lakini hakumshika. Kifuani alivaa kitambaa cheupe cha kutarizi, kazi yake mwenyewe, uzi wa buluu, na jina lilikuwa lake. Chini ya jina alitarizi: nipo. Hakuwa anakimbia, alikuwa anatembea, na bado mbio zile zilikuwa za taratibu kiasi kwamba mgonjwa yule alizifikia.

Akaja mpaka kwenye kamba, upande wangu.

"Shusha kamba, Kibwana."

"Dada, mgeni rasmi yuko mbele."

"Namwona. Amenivaa."

"Vumilia kidogo, tumebakiza hatua chache. Akishafika mwisho, wallahi, barua..."

"Mimi na wewe, nani ana muda wa kuvumilia?"

Alilisema bila ugomvi, sauti ileile aliyoniamshia kwenda shule. Kitu kilichotakiwa kwangu kilikuwa kufungua vidole. Watu wote mnaonisikiliza mngevifungua, najua, hata mimi ningemcheka mtu asiyeweza. Lakini jukwaa kuu lilikuwa linaonekana, Bwana Chilumba amesimama, na mimi nikaikaza kamba. Nilijikaza nayo mpaka ikamgusa dada pale kifuani, juu ya jina lake, upande unaouma. Akakunja uso. Mwenzangu wa upande wa kulia, mtu ambaye hata hamjui, ndiye aliyesema, "Mwachie apite, bwana." Mimi sikuachia.

Dada akainama. Iliishia hivyo tu, akainama, mkono ameushika ubavu, akapita chini ya kamba, akajinyoosha upande wa pili akaendelea kutembea. Nyuma yake akainama Sista Eufrasia, kisha mzee muuza mkaa, kisha wote mia tisa na ushee, kila mmoja na mtu wake kifuani, na walipokwisha pita wakaanza kukimbia, kukimbia kwenyewe. Nikabaki barabarani na kamba, nyuma yangu hakuna mtu. Mwenzangu alikuwa ameshaweka upande wake chini.

Walinzi hawakumzuia dada. Baadaye walijieleza kwamba kanuni inakataza mwananchi kumpita mgeni rasmi, juu ya marehemu haisemi kitu. Alimpita Mheshimiwa taratibu. Mheshimiwa alimsoma kifuani, akainamisha kichwa akajisoma yeye, akamsoma tena. Dada akafika kwenye mstari wa chokaa, akaketi juu yake chini kabisa, na uwanja mzima ukawa umewaona Zawena wawili, mmoja kifuani mwa Mheshimiwa na mmoja chini.

Nilidhani sasa ukweli umetoka. Na nitasema hivi kwa kuwa nimeahidi kusema: nilifurahi kidogo, kwa sababu ungekuwa umetoka bila mimi.

Lakini Mheshimiwa Dokta Ngwatura hakuwa Waziri wa bure. Akachukua kipaza sauti.

"Ndugu wananchi. Mlikuwa mnauliza mbio hizi zinasaidia nini. Mmeona wenyewe. Nimekimbia mara mbili tu, na marehemu amerudi."

Makofi yale yalisikika mpaka bandarini. Kabla ya jioni faili la namba kumi na saba lilikuwa limefunguliwa kwa muhuri mpya, na dawa imefika kituoni kwa gari la ving'ora. Barua yangu haikuhitajika tena na mtu yeyote. Taarifa ya magazeti kuhusu muujiza niliiandika mimi, na mara hii haikurudi na alama hata moja.

*

Dawa ameanza. Sista Eufrasia ananiambia, wale wenzake thelathini na tisa walioanza miezi minne iliyopita, wengi uvimbe umenywea, wanne wamesharudi majumbani. Wa dada umehamia mfupani. Nikamwuliza, sasa? Akanijibu, "Sasa tunajaribu," akanipa kisogo akaenda kubadilisha shuka.

Nakwenda kila jioni baada ya kazi na uji kwenye chupa. Hanifukuzi. Nikimwambia shikamoo anaitikia marahaba, namna mtu anavyoitikia salamu ya mpita njia. Cherehani yake nimeihifadhi kwangu, naifuta vumbi.

Jana aliingia muuguzi mpya, binti mchangamfu, akaniona nimekaa ukingoni mwa kitanda na bakuli mkononi. Akamwuliza dada, "Mama, huyu kaka anayekuhudumia vizuri hivi ni nani wako?"

Dada alinitazama. Ana namna ya kumtazama mtu anapompima nguo, anaanza mabegani anashuka. Nikangoja. Nilikuwa tayari aniite jina lolote, hata msaliti ningeitika.

"Ametoka wizarani," akamwambia. Kisha akafumba macho, akafungua mdomo, nikaendelea kumlisha uji.